Siku Tatu za Kumfungia Njiwa

Nianze na lile ambalo utaniuliza mwishoni: hapana, sikuwa nimekunywa. Sikuwa na homa, na sikuota. Nilisoma hadi kidato cha nne, nikafundishwa fizikia na mwalimu mkali aliyetuambia kila jambo lina sababu yake, na hadi leo naamini hivyo. Hata hili nitakalokusimulia lina sababu yake. Sababu ni mimi.

Nakaa Kyerwa, kilomita chache kutoka Nkwenda, kwenye kibanja alichoniachia baba. Nina migomba, kahawa, na maharage chini ya migomba, kama kila mtu wa huku. Lakini watu hawanijui kwa ndizi zangu. Wananiita Baba Njiwa. Banda langu limesimama juu ya nguzo nne, kila nguzo nimeivika bati ili kicheche asipande, na lina vyumba arobaini vyenye milango midogo inayotazama mashariki. Nililijenga mwenyewe nikiwa kijana. Ukija asubuhi utawasikia kabla hujaona nyumba.

Njiwa ni ndege wa ajabu, wewe uliyewahi kumfuga unajua. Mtie ndani ya tenga, lifunike kwa khanga, mpeleke ng'ambo ya milima ambayo hajawahi kuiona, kisha mfungulie. Atazunguka mara mbili tatu juu ya kichwa chako, halafu atashika njia ya kwao kana kwamba kuna mtu anamvuta kwa uzi. Jioni utamkuta bandani. Ukitaka kumhamisha moyo, njia ni moja tu. Umfungie pamoja na mwenzake, wapate chakula na maji humo humo, hadi watage, walalie mayai, waangue, na makinda waanze kuota manyoya. Hapo ndipo njiwa anasema, sawa, kwetu ni hapa. Ni kazi ya miezi miwili, pengine zaidi. Ukimfungulia kabla ya hapo, umempoteza.

Kila mfugaji anajua hilo. Wanunuzi wengi hawajui. Na mimi sikuwa nawaambia.

Nilikuwa na jozi moja ya kupendeza sana. Dume alikuwa wa kahawia, shingoni ana duara jeupe safi, tukamwita Katekista. Jike alikuwa wa kijivu, mnyamavu, anamfuata mume wake kila aendako. Jozi hiyo nilimuuzia mwenye nyumba ya wageni pale Nkwenda, ikarudi. Nikamuuzia dereva wa lori la maharage, ikarudi. Nikamuuzia mwalimu mmoja, ikarudi hata kabla mimi sijafika nyumbani. Mnunuzi akija kulalamika namwambia, pole sana, atakuwa ni kipanga, vipanga wamekuwa wengi mwaka huu. Jozi naificha chumba cha nyuma mpaka aondoke. Nilijiona mjanja. Mke wangu Generoza hakuwahi kucheka. Aliniambia mara moja tu, akichambua mchele, "Mzee, hao ndege wanarudi na vitu vya watu." Nikamwambia anyamaze. Yeye kweli akanyamaza, na hilo nalo linaniuma.

Basi akaja Spesioza.

Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mwenye asili ya Burundi. Alizaliwa huku huku, wazazi wake walikuja zamani, lakini hakuwa na kibanja wala ukoo wa kumtetea. Alipanga chumba kule Bugomora na kuishi kwa kibarua. Mume wake alivuka kwenda Uganda kuchunga ng'ombe wa watu, akaahidi kurudi wakati wa Krismasi. Krismasi zikapita kadhaa. Nilimjua kwa sababu alikuwa akipita kwetu kuulizia palizi, na alipokuwa akipumzika alikaa chini ya banda langu, uso juu, akiwatazama njiwa wanavyoingia.

Siku moja akaniuliza, "Baba, hawa unawaitaje hata wanarudi?"

"Siwaiti. Wanarudi wenyewe."

"Wote?"

"Wote."

Akasema, "Nimechoka na vitu vinavyoondoka. Na mimi nataka kitu kinachorudi."

Tukapatana. Atanipalilia kahawa yote, shamba zima, nami nitampa jozi. Alilima kama mtu anayechimba kisima. Mikono ilimtoka malengelenge, akayafunga kwa majani ya mgomba na kuendelea. Alipomaliza, hakuna mti wa kahawa uliokuwa na gugu chini yake. Nikamtolea jozi gani? Unajua tayari. Nilikuwa na njiwa zaidi ya sitini, pamoja na makinda ambao wangezoea kwake bila shida yoyote. Nikamtolea Katekista na mke wake.

Aliwapokea kwa mikono miwili, amepiga magoti. Akachomoa uzi mwekundu kwenye ukingo wa kitenge chake na kumfunga kila mmoja mguuni, taratibu, asimuumize.

"Baba, niwafungie siku ngapi?"

Hebu niache nipumzike hapa kidogo, kwa maana neno lililofuata ndilo ninalolilipia.

Nikasema, "Tatu. Siku tatu zinatosha. Ya nne wafungulie, wataruka kidogo, watarudi kwako."

"Siku tatu," akasema. Akarudia tena njiani, nikimsikia anavyoshuka mteremko na tenga kichwani, kama mtoto aliyetumwa dukani anayeogopa kusahau: siku tatu, siku tatu.

Siku ya nne saa tatu asubuhi, Katekista alikuwa juu ya paa langu. Uzi mwekundu mguuni. Nikachukua wembe nikaukata, wake na wa mkewe, nikavitupa vipande hivyo jikoni kwenye moto.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Spesioza akaja. Majirani walikuwa wamekaa uani kwangu wakinywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, watu watano au sita, nami nilikuwa nimechangamka kwa maneno. Akasalimia wote vizuri, mmoja mmoja. Kisha akasema njiwa wake hawajarudi, pengine wamekuja huku.

"Huku? Hapana," nikasema. "Pole mama, atakuwa kipanga."

Lakini nilikuwa nimesahau kufunga mlango wa nyuma. Katekista akatoka, akatua juu ya bati, akavimbisha shingo yake yenye kola. Spesioza akanyoosha kidole, na uso wake, ndugu msomaji, ulijaa furaha. Furaha, si hasira. Alidhani tatizo limekwisha.

"Yule pale! Baba, yule pale!"

"Yule? Yule ni wangu, ana ndugu zake kumi wanaofanana. Wa kwako ulimfunga uzi, si ndiyo? Uzi uko wapi?"

Akatazama mguu wa ndege. Akanitazama mimi. Jirani mmoja akasema kwa mzaha, "Kama ni wako mwite mama, mwenye mali hujulikana."

"Ndiyo," nikasema, "mwite basi."

Akamwita. Alikuwa na sauti aliyojizoeza kuwaita nayo zile siku tatu, sauti ndogo ya kooni. Katekista akainamisha kichwa, akasikiliza, nami kwa kitambo nikaogopa. Kisha akaruka akatua begani kwangu, pale alipozoea kulishwa. Watu wakaangua kicheko. Generoza alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Akasema, "Mzee, mpe mwenzako ndege wake." Alisema mbele za watu, na hilo likanipandisha hasira.

Nikamwambia Spesioza, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Umeona? Mama, ndege anakwenda kwao. Na wewe nenda kwenu."

Kicheko kikakatika. Hata walevi walijua nimevuka mpaka. Yule mama alikuwa amezaliwa Bugomora. Angekwenda wapi?

Akauliza, "Kwetu ni wapi, baba?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Akatikisa kichwa, akasema, "Sawa. Wao wana kwao. Na wewe una kwenu." Akaokota tenga lake tupu, akaondoka.

Sikumwona tena akiwa hai.

Sasa njoo tufike kwenye jioni yenyewe. Ulikuwa msimu wa senene, mvua inanyesha mchana, jioni ukungu unapanda kutoka mabondeni. Nilitoka Nkwenda nikisukuma baiskeli, kwa sababu ule mlima haupandiki ukiwa na mzigo. Jua lilikuwa linazama, lakini mwanga bado ulikuwapo, nilikuwa naona vizuri hata kokoto za barabarani. Mbele yangu, kando ya njia, mwanamke ameketi na tenga kati ya miguu. Nilipomkaribia akainua uso. Spesioza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Nikaitikia bila kufikiri. Ungefanyaje? Mtu amekuamkia.

"Nisaidie nijitwike. Nimewaleta njiwa wako."

Nikajua anataka kunisuta, nikaona aibu kidogo, lakini nikaegesha baiskeli kwenye jiwe na kuinama. Nilipolishika tenga, likawa zito kiasi cha kunivuta mgongo. Na ndani yake walikuwa wanalia, wale njiwa, wengi, nilisikia mngurumo wao ukipita kwenye mikono yangu hadi kifuani. Nikafunua khanga. Niamini. Hakukuwa na njiwa hata mmoja. Kulikuwa na udongo mwekundu mbichi, na juu yake vipande viwili vya uzi vilivyoungua ncha.

Nilitaka kukimbia. Nikanyoosha mkono kushika baiskeli. Spesioza akapiga magoti mbele yangu, kama siku ile alipopokea jozi, akapandisha pindo la suruali yangu, akanifunga uzi kwenye kifundo cha mguu. Taratibu, asiniumize. Vidole vyake vilikuwa baridi na vilikuwa na udongo kwenye kucha. Harufu ya mvua ilikuwa inamtoka, kama mtu aliyenyeshewa siku nyingi bila kukauka.

"Unajua vizuri sana kuwarudisha," akasema. "Sasa ujue wanavyojisikia wao. Kila jua likizama, baba. Popote utakapokuwa."

"Mama Spesioza, nitakupa jozi nyingine. Nitakupa kumi."

Akacheka. Kilikuwa kicheko kile kile cha uani kwangu, cha watu wengi, kikitoka kinywani mwa mtu mmoja.

"Nenda kwenu," akasema.

Nilichokumbuka baada ya hapo ni nguzo ya banda. Nilikuwa nimeikumbatia, nahema, nyumbani kwangu. Generoza alikuwa anatoa chungu jikoni. Akaniuliza baiskeli iko wapi. Sikujua.

Asubuhi akaja kijana wa bodaboda kutoka Bugomora kuniambia baiskeli yangu imeonekana kwao. "Imeegeshwa kwenye kaburi, mzee. Kaburi la yule mama kibarua, Mrundi. Watu wanauliza umefuata nini pale."

"Kaburi gani? Nimeongea naye jana!"

Kijana akanitazama. "Alizikwa kabla ya senene kuanza, mzee."

Ndipo akanieleza. Spesioza alikuwa amejenga kibanda kidogo cha miti nyuma ya chumba chake. Kila jioni alikuwa anatoka na kusimama karibu nacho akitazama angani, akiita. Majirani walimwambia aingie ndani, mvua zimeanza. Akawa anajibu kwamba aliambiwa watarudi. Homa ikamkamata, ikamchukua siku chache tu. Wakamzika pembeni ya shamba la mwenye nyumba, kwa kuwa hakuwa na kibanja cha kuzikwamo.

Nikapandisha suruali. Uzi haukuwepo. Lakini kifundo kilikuwa na alama nyekundu, duara kamili, na ipo mpaka leo. Ukija nitakuonyesha.

Mwanzoni nilijidanganya. Wiki chache baadaye mpwa wangu aliolewa kule Rugera, Karagwe. Nikaenda mapema, nikapewa kiti cha mbele cha wazee. Jua lilipogusa mlima nikasikia ile sauti sikioni, wazi kabisa: nenda kwenu. Nilikuwa na sahani ya nyama mkononi. Wanasema niliinuka, nikaiweka sahani kitini, nikatoka bila kumuaga mtu. Mimi nilijikuta chini ya banda, na Generoza, aliyebaki kuangalia nyumba, alikuwa hajamaliza kufungia kuku. Gari lenyewe kutoka Rugera hadi kwetu lingechukua muda gani? Nilikuja vipi? Sijui. Viatu vilikuwa vikavu, na barabara nzima ilikuwa tope.

Nikajaribu tena, na tena. Kwa kaka yangu. Kwenye msiba wa rafiki, nilipotakiwa kulala matanga. Kila mara jua likizama, mimi niko kwangu, nimekumbatia nguzo. Watu wakaanza kusema nimekuwa na dharau, silali kwenye misiba ya wenzangu. Wengine walicheka: Baba Njiwa amekuwa njiwa. Walisema kwa utani tu.

Generoza peke yake ndiye aliyeniuliza, nami nikamweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Nilikwambia," akasema. Hakuongeza neno. Kesho yake tukaenda asubuhi Bugomora, tukawapeleka Katekista na jike lake hadi kaburini. Nikapiga magoti nikaomba radhi. Nikawafungulia pale. Walitutangulia kufika nyumbani.

Ningeweza kuishi hivyo. Mtu akizeeka, kulala nyumbani kwake si adhabu kubwa. Nilidhani Spesioza ameshamalizana nami. Kumbe alikuwa ananizoeza tu.

Mwaka wa pili Generoza akaanza kuumwa tumbo. Likavimba. Akapelekwa hospitali kubwa mjini, nusu siku kwa basi, wakasema anahitaji kupasuliwa lakini kwanza aongezewe nguvu. Shemeji yangu Novati, mdogo wake Generoza, anakaa mji huo. Yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea uji. Mimi nilikuwa napanda basi la alfajiri, nafika adhuhuri, nakaa naye, na jioni natoweka. Kesho yake tena. Nikamaliza karibu pesa yote ya kahawa kwa nauli.

Wagonjwa wengine wakaanza kunong'ona. Mama mmoja wa kitanda cha pili akamwambia Generoza, nami nasikia, "Waume za wenzako wanalala kwenye mabenchi hapo nje. Wa kwako ana nini nyumbani? Ana kimada?"

"Ana njiwa," Generoza akajibu. Akageuza uso ukutani.

Siku moja akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama bawa. "Mzee, sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Usiku ule wa kuamkia kisu, uwe hapa. Usiku mmoja tu. Naogopa."

Ningeweza kumkatalia? Nilitoka nje nikamfuata Novati, nikamwambia kila kitu, alama ya mguuni nikamwonyesha. Novati ni fundi wa kuchomelea vyuma, haamini mambo haya, lakini alikuwa ameniona nikitoweka mara nyingi. Nikamwambia, "Shemeji, kuna dawa moja ninayoijua. Njiwa akifungiwa muda wa kutosha anasahau njia. Nifungie."

Karakana yake ilikuwa na stoo yenye mlango wa chuma na kidirisha chenye nondo. Tukaweka godoro, ndoo, maji, chakula. Akashika kufuli mkononi.

"Shemeji, nikufungie siku ngapi?"

Nisikilize vizuri hapa. Nilijua jibu. Nimefuga njiwa maisha yangu yote. Kichwani nilikuwa na maneno tayari: usinifungulie, hata mganga mkuu akikuambia, usiku ule nitoe moja kwa moja hadi wodini na unifunge kwa mnyororo kwenye kitanda cha Generoza, na usinisikilize nikilia. Nikafungua kinywa. Kikatoka kitu kingine, kwa sauti yangu ile ile ya siku ile.

"Tatu. Siku tatu zinatosha."

Nikajaribu kulirudisha neno. Ulimi ukakauka. Novati akafunga.

Jioni ya kwanza jua lilipozama, niliujua uchungu wa wale ndege. Si maumivu ya mwili. Ni kama kuna ndoano kifuani na mtu anavuta kutoka upande mmoja wa dunia, na wewe unajua upande huo hata ukiwa gizani. Niligonga mlango kwa mabega, kwa kichwa. Novati alikaa nje analia, akiniambia, vumilia shemeji. Jioni ya pili niling'oka kucha kwenye nondo. Siku ya tatu mchana wote nilikuwa mtulivu, na jua lilipozama sikusikia kitu. Kimya. Kifua chepesi. Nikamwambia Novati, imekwisha. Tukakumbatiana kupitia nondo. Ndivyo njiwa anavyomfanyia mtu asiyejua: siku ya tatu anatulia, anakula, anakutazama kama rafiki.

Siku ya nne ndiyo ilikuwa ya kuamkia upasuaji. Novati akanifungulia mchana. Nikaoga, nikavaa shati safi, nikaenda wodini nimefungwa kitambaa kichwani. Generoza aliponiona akacheka. "Umegombana na nani?"

"Na mlango."

"Utalala hapa?"

"Nitalala hapa."

Tukazungumza kama hatujazungumza miaka mingi. Akaniuliza habari za migomba, nani anachuma maharage, jike wa kijivu ametaga au bado. Akasinzia mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Nje ya dirisha mwanga ukageuka rangi ya shaba, nami sikuogopa. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo.

"Shikamoo, baba."

Alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda, na tenga kichwani. Maji yalikuwa yanamtiririka yakidondoka sakafuni, lakini sakafu haikulowa. Hakumtazama Generoza hata kidogo. Alinitazama mimi, na uso wake ulikuwa na ile furaha ya siku alipomwona Katekista juu ya bati.

Nikamwomba. Sikumwomba kwa ajili yangu. Nilisema, yeye hakukukosea, yeye ndiye aliyekutetea, niache usiku mmoja kisha uniue.

Akasema, "Na mimi nilikuwa nasubiri jioni moja tu, baba. Kila siku nilisema, jioni moja tu." Kisha akasema, "Nenda kwenu."

Nilihisi vidole vya Generoza vikijifunga kwenye vyangu vinapochomoka. Alikuwa ameamka.

Nilikumbatia nguzo ya banda langu huku njiwa wakiingia mmoja mmoja juu ya kichwa changu. Nililia mpaka wakaogopa wakatoka tena.

Novati alikaa naye usiku ule. Aliniambia baadaye kwamba muuguzi alikuwa ananilaumu kwa sauti, na Generoza akasema, "Mwacheni. Ndege anakwenda kwao." Maneno yangu yale yale. Asubuhi akaingizwa chumba cha upasuaji, hakutoka akiwa hai. Akarudi nyumbani kwa gari, ndani ya sanduku, na jioni hiyo nilikuwepo kumpokea. Nilikuwa na uhakika wa kuwepo. Tumemzika kwenye kibanja, hatua chache kutoka bandani. Novati alisimama pale, hajanisemesha, na mpaka leo hajanisemesha.

Miaka imepita. Katekista alikufa kwa uzee, na mke wake akamfuata baada ya siku chache. Siuzi njiwa tena. Mtu akija namchagulia bure makinda ambao hawajawahi kuruka, namwambia ukweli wote, na namtaka arudie mbele yangu: hadi watage, walalie, waangue. Mwanangu amejenga Kayanga, ana chumba kizuri kwa ajili yangu, kila mwezi ananipigia simu, baba njoo upumzike. Namwambia nitakuja mchana. Anadhani nampenda mama yake marehemu kiasi cha kutotaka kuacha kaburi. Namwacha adhani hivyo.

Wewe unayesoma, sijui unauza nini, njiwa au shamba au neno lako tu. Mwenzako akikuuliza afunge siku ngapi, mwambie idadi ya kweli. Na mtu asiye na pa kwenda akisimama uani kwako kudai kilicho chake, mpe kabla hajatoka getini. Usimcheke. Zaidi ya yote, usimwambie aende kwao, kwa sababu ipo siku atakujibu.

Jua sasa liko kiganja kimoja juu ya mlima. Njiwa wa mbele wameanza kuingia. Namsikia anapanda mteremko, na tenga lake, na kabla ya kulisema lile neno ataniamkia kwa adabu kama kawaida yake. Nami nitaitikia marahaba. Niko hapa. Nimeshafika.